Nati ya Tano

Mimi sina ugomvi na pancha. Pancha ni kama mafua, kila mwenye pua atayapata. Ugomvi wangu ni na nati moja tu, ya tano, ile ya duara inayokaa katikati ya wenzake na kujifanya imesoma.

Tulikuwa tunakwenda Morogoro kumtolea mahari shemeji yangu, mdogo wake mke wangu. Garini tuko wanne: mimi kwenye usukani, Mjomba kushoto kwangu kwa kuwa ndiye mshenga na mshenga hakai nyuma, halafu nyuma mke wangu pamoja na shangazi yake, ambaye tangu Kimara alikuwa analalamika kwamba kiyoyozi kinamuuma goti. Tumeshapita Mlandizi, tunaitafuta mizani ya Vigwaza, gari likaanza kuvuta kushoto. Nikajifanya sijasikia kitu.

"Mkwe, tairi," Mjomba akasema.

"Barabara tu hiyo, Mjomba."

Akanyamaza kwa heshima kama mita mia mbili hivi. Halafu tairi lenyewe likatoa ushahidi: pwata, pwata, pwata.

Sasa huyu Mjomba ameendesha malori ya Zambia tangu nikiwa sijazaliwa. Ukipata pancha na mtu wa namna hiyo usidhani umepata msaidizi. Umepata msimamizi wa mtihani. Alishuka, akakata matawi mawili ya mti, akayatandaza barabarani nyuma ya gari, akarudi akasimama mikono mgongoni. Pembetatu ninayo, nikaitoa, akaitazama kama mtu aliyeletewa chai haina sukari.

Spea iko chini ya zulia la buti. Na juu ya zulia kuna mahari. Ikabidi nitoe kimoja kimoja: mkaja wa mama, blanketi la babu, kanga doti nne, sukari kilo 10, na ndoo ya vileja ambavyo mke wangu alikesha navyo jikoni. Vyote tukavipanga kwenye majani, juu ya mkeka. Hazikupita dakika tano, bodaboda akasimama.

"Mkubwa, blanketi bei gani?"

"Si la kuuza."

"We sema bei ya mwisho."

Nikamwacha, nikaingia kazini. Nikalegeza nati kabla ya kupandisha jeki, maana Mjomba alikuwa anaangalia. Ya kwanza ikatii. Ya pili, ya tatu, ya nne. Ya tano spana ikateleza juu yake kama mtu anayepapasa yai. Nikainama. Haina pembe! Ni duara tupu, na usoni imechorwa mfereji mwembamba unaojipinda kama ua lililochorwa na mtoto wa chekechea: petali sita, moja kubwa, moja imebonyea, zilizobaki zinafanana kidogo.

"Hiyo ina ufunguo wake," Mjomba akasema.

"Ufunguo wa gari huu hapa."

"Wa nati, mkwe. Wa nati."

Ndipo nikapewa somo, huku malori ya Kongo yanatupita na kutupepea vumbi. Kumbe kila tairi lina nati moja ya namna hiyo, nne kwa gari zima. Ufunguo wake ni kichuma kifupi kama soketi: upande mmoja kina ua linaloingia kwenye ule mfereji, upande wa pili kina pembe sita za kushikia spana. Maua yako ya aina nyingi, ili mwizi mwenye ufunguo wa gari lake asifungue la kwako. Lengo ni kulinda rimu.

Jamani! Mimi nimeibiwa vioo vya pembeni mara mbili. Mara ya pili nilikuwa nimevichonga namba ya gari, wakaondoka na vioo pamoja na namba yangu. Taa ya nyuma wameng'oa gari likiwa limeegeshwa msibani. Hivyo vyote mwizi anavitoa kabla hujamaliza kupiga chafya, na havina kufuli. Kufuli limekwenda kuwekwa kwenye kitu ambacho mwizi lazima aje na jeki, aje na spana, achuchumae, na majirani wote wa Tabata wamwangalie.

Tukaanza kuutafuta. Kisanduku cha mbele nikakuta risiti za mafuta za 2021, dawa ya mbu iliyokauka, na soksi ya mtoto ambaye sasa yuko darasa la tatu. Nikakuta na kitabu cha gari. Ndani kuna mchoro mzuri kabisa wa huo ufunguo, na pembeni wameeleza unakaa sehemu gani. Wameeleza kwa Kijapani. Shangazi akakichukua, akakishika kichwa chini miguu juu, akakisoma kwa makini kutushinda wote.

Watu nao wakaanza kukusanyika, na kila mtu kaja na ushauri wake. Imwagie soda. Ichome moto. Endesha hivyohivyo polepole mpaka Chalinze, rimu utanunua nyingine. Mmoja akaniuliza, hivi gari ni la kwako kweli? Akaja mfugaji na fimbo yake, akachuchumaa mbele ya ile nati, akaitazama kwa muda mrefu sana. Akainuka, akasema, "Ng'ombe hana hii," akaenda zake. Yeye peke yake ndiye aliyesema jambo la maana siku ile.

Yule wa blanketi nikamtuma Mlandizi akamlete fundi, kwenda na kurudi elfu 7. Tukakaa kwenye mkeka kusubiri, katikati ya mahari. Shangazi akasema njaa, goti likishikwa na njaa linazidi. Mke wangu akafunua ndoo.

"Vya mahari hivyo," nikamwambia.

"Kimoja kimoja tu. Kwani watavihesabu?"

Nikapokea cha kwangu. Kileja cheupe, kinanukia iliki na samli, kinameguka ukikitazama vibaya. Na juu kimebonyezwa ua. Nikakipeleka mdomoni. Nikakirudisha. Petali sita. Moja kubwa. Moja imebonyea.

Nikainuka taratibu, nikaenda nikachuchumaa kwenye tairi, nikakiweka kileja kando ya nati. Ndugu zangu, mapacha.

"Mke wangu, hili ua umelibonyeza na nini?"

"Na kibonyezo."

"Kibonyezo gani?"

"Kile cha chuma. Si kilikuwa humu kwenye gari mwaka jana, nikakuuliza hiki nini, ukaniambia takataka za yule aliyekuuzia, nitupe? Mimi sikutupa. Kizito, halafu hakishiki unga."

"Kiko wapi?"

"Kwenye droo ya vijiko."

Kimya. Lori likapita. Mjomba akaninyang'anya kileja, akakigeuza, akakilinganisha na nati, akakiuma nusu, akatafuna bila haraka. "Mkwe," akasema, "ufunguo ndio huu. Ila umeokwa."

Fundi akaja, kijana wa kandambili. Hakuuliza ufunguo, hakuuliza chochote. Akatoa soketi kuukuu ya meno 12, ndogo kidogo kuliko nati, akaipachika na kuigongelea kwa nyundo mpaka ikang'ata. Akachomeka mtaimbo, mtaimbo akauvalisha bomba kuuongeza urefu, akakanyaga. Nati ikalia kama mlango wa hospitali, ikatoka. Dakika nne! Wanaume wameketi kwenye kiwanda huko ng'ambo, wamechora maua aina kwa aina kuwashinda wezi wa dunia nzima, na kijana wa Mlandizi hata jasho halikumtoka. Akadai elfu 20 ya kazi, na elfu 8 ya soketi, kwa sababu imefia kazini na nati iko tumboni mwake. Mjomba akampatanisha, tukalipa 25 jumla.

Morogoro tulifika saa nane badala ya saa nne. Wakatutoza faini ya kuchelewa, elfu 50, kabla hata hatujaulizwa tumefuata nini. Mjomba akalipa akiniangalia mimi. Vileja vikapita mkono kwa mkono, wazee wa upande wa pili wakavisifu, hasa ua.

Kesho yake nikafungua droo ya vijiko. Kichuma hicho hapo, kati ya upawa na kopo la chumvi, kinanukia iliki. Nikazifungua nati tatu zilizobaki, nikaweka za kawaida zenye pembe zake sita, hata mwizi akija afanye kazi kwa amani. Nikakirudisha jikoni.

"Umekijaza grisi," mke wangu akalalamika, akakisugua kwa majivu na limau.

Wiki iliyopita kapigiwa simu kutoka Morogoro. Shangazi wa bibi harusi anataka kujua kibonyezo kile kinauzwa wapi. Nikamwambia mke wangu amjibu, kinatoka Japani.

Akauliza duka gani.