Programu za kamisheni na kijana wa Lubumbashi: lawama iende wapi?

Katika makundi ya WhatsApp ya vijana wa Lubumbashi wanaotengeneza tovuti, kuna maneno ambayo hayakosi kurudi: "Wametukataa kwa sababu sisi ni Wakongomani." Anayeyasema amejaribu kujiunga na programu ya kamisheni, ile ya kuweka kwenye tovuti yako kiungo cha bidhaa ya duka la mbali na kulipwa asilimia fulani mtu akinunua kwa kupitia hapo. Amejibiwa hapana. Au amekubaliwa, akashangilia, halafu miezi sita baadaye akaunti imefungwa. Wenzake wanampa pole, na haupiti muda, mmoja wao anajitokeza na ushauri: tumia anwani ya binamu yako aliye Brussels, ficha nchi yako kwa VPN, ile programu inayoficha mahali ulipo mtandaoni, jaribu tena.

Ushauri huo siukubali, na hata maelezo yanayouzaa naona yamekosea mahali. Kuna jambo la haki katika malalamiko haya na nitalifikia, kwa sababu ni zito. Lakini makampuni haya yanalaumiwa kwanza kwa kosa ambalo si lao, na kijana anayeamini kwamba kikwazo ni pasipoti yake hatatazama kitu kingine chochote katika kazi yake.

Mtu wa Lubumbashi hahitaji kufundishwa kamisheni ni nini. Komisionere wa nyumba anakutembeza mtaa mzima wa Kampemba, anakuonyesha vyumba, lakini halipwi kwa kutembea. Analipwa mpangaji akiingia. Ndivyo Amazon, duka la mtandaoni la Marekani, ilivyoanza kufanya mwaka 1996, na maduka mengine mengi yakafuata njia hiyo. Na mlango wake wa kuingilia ni mpana kuliko tunavyoambiana. Amazon wanataka tovuti iliyo wazi kwa kila mtu, yenye makala kama 10 ulizoziandika mwenyewe. Asiye Mmarekani anajaza fomu ya kodi iitwayo W-8BEN, na kuwepo kwa fomu hiyo kunaonyesha kwamba wageni wanatarajiwa. Anayepeleka tovuti ya makala tatu zilizonakiliwa atakataliwa akiwa Katuba hapa mjini na atakataliwa akiwa Chicago. Hilo halihitaji maneno mengi.

Penye maneno mengi ni siku 180. Ukijiunga na Amazon unapokelewa kwa muda. Ndani ya siku 180 lazima watu wanunue angalau mara 3 kupitia viungo vyako. Ndipo tovuti yako inapokaguliwa kwa makini. Zisipopatikana hizo tatu, akaunti inafungwa. Ununuzi wako mwenyewe hauhesabiwi, wala wa ndugu na rafiki. Kwa hiyo yule anayesema "walinikubali kisha wakanifukuza" mara nyingi hakufukuzwa na mtu yeyote aliyesoma jina lake la Kikongomani. Kilichomtoa ni sifuri mahali palipohitaji tatu.

Kwa nini sifuri? Nichukue tovuti moja ninayoifahamu, ya kijana wa Katuba anayeandika kwa Kiswahili na Kifaransa kuhusu umeme wa jua. Ni kazi nzuri. Anaeleza jinsi ya kusoma tarehe ya kutengenezwa iliyogongwa kwenye betri, kwa nini betri ya jeli haifai kuachwa ikashuka chini ya nusu, namna ya kuipima kwa mizani kabla ya kulipa, kwa kuwa betri nyepesi kuliko ilivyoandikwa kwenye kasha ina madini ya risasi pungufu ndani. Ameeleza waya wa unene gani unafaa kutoka paneli ya juu ya bati hadi sebuleni. Kwa mji unaokaa gizani kila SNEL, shirika la umeme la taifa, inapokata, hayo ni maarifa ya kuokoa fedha za mtu, na wasomaji anao: wa Ruashi, wa Likasi, wa Kolwezi. Wanamwandikia usiku kumuuliza kama betri fulani waliyoiona dukani ni ya kweli.

Akaweka viungo vya Amazon. Siku 180 zikapita, hakuna aliyenunua, akaunti ikafungwa. Naye akaandika kwenye kundi maneno yale yale.

Lakini tuwatazame wasomaji wake. Mama wa Ruashi anayetaka betri hataiagiza Marekani. Betri ya jeli ina kilo nyingi, nauli ya kuileta ingezidi bei yake, na yeye hana kadi ya benki ya kulipia mtandaoni. Ataisoma makala mpaka mwisho, atamshukuru mwandishi, kisha ataenda mjini na dola zake mkononi, achague noti zisizochanika, anunue betri ambayo ameinyanyua kwa mikono yake. Ameshawishika na amenunua. Makala imefanya kazi yote ambayo komisionere hulipwa kwayo. Ila kamisheni haipo, kwa sababu duka lililonufaika si lile lililo kwenye kiungo.

Hapo ndipo naona makampuni yanaeleweka vibaya. Hayakumpima kijana wa Katuba kwa nchi yake, wala hata kwa ubora wa maandishi yake. Yalipima jambo moja: je, wasomaji wake ni wateja wetu? Jibu lilikuwa hapana, na lilikuwa jibu la kweli. Mmarekani mwenye wasomaji wa Ruashi angepata sifuri ile ile.

Kuna na sharti la saa 24 ambalo wengi hawalijui mpaka wameshakata tamaa. Mtu akibofya kiungo chako leo, ununuzi unahesabiwa kwako ukifanyika ndani ya saa 24. Akiwa ameshaiweka bidhaa kwenye kikapu chake katika saa hizo, kuna nafasi ya hadi siku 90, asipoiweka, basi. Sasa nani kwetu anatoa dola 300 ndani ya saa 24? Anasoma Jumatatu, anamuuliza shemeji yake fundi Jumatano, anangojea mshahara, anapatana na mke wake. Ununuzi wa namna hiyo ni wa busara, na mfumo wa saa 24 hauna mahali pa kuuandika.

Hata anayepenya analipwa kidogo kuliko anavyoahidiwa kwenye mafunzo ya kulipia. Aprili 2020 Amazon ilipunguza viwango vyake: vifaa vya kutengenezea nyumba vilivyokuwa vinatoa asilimia 8 vikashuka hadi 3. Kifaa cha dola 300 kilichompa mwandishi dola 24 sasa kinampa 9. Anayelipwa kwa hundi hatumiwi kitu mpaka afikishe dola 100, na hundi yenyewe inakatwa ada ya dola 15. Piga hesabu: uuze vifaa 12 vya dola 300, upate dola 108, ubaki na 93. Watu wametumia zaidi ya dola 3,000 kwa neno lako, na mkononi una hundi ya kigeni ambayo sasa unaanza kuitafutia benki itakayoipokea hapa Lubumbashi.

Na hapa wanaolalamika wana haki yao, tena kubwa. Mwenye akaunti ya benki katika nchi zinazolipwa moja kwa moja anaanza kupokea akifikisha dola 10 tu. Asiye nayo anabaki na hundi, au kadi ya zawadi ya kununulia vitu Amazon kwenyewe. Kazi ni ile ile, mauzo ni yale yale, malipo mawili. Kwenye matangazo ya Google, yaani AdSense, mambo ni hivyo hivyo: ukifikisha dola 10 wanakutumia barua yenye namba ya siri kwa posta ya kawaida, na usipoiingiza ndani ya miezi 4 matangazo yanasimama kwenye tovuti yako. Barua! Kwa mtu ambaye anwani yake ni "nyuma ya kanisa, mlango wa bluu", na ambaye hata baba yake hakuwahi kuwa na sanduku la posta. Barua zikipotea mara kadhaa ndipo unaruhusiwa kujitambulisha kwa kitambulisho, na kitambulisho cha wengi wetu ni kadi ya mpiga kura.

Wakati huohuo dola zinapita kwenye M-Pesa, Airtel Money na Orange Money kutoka Kasumbalesa hadi Kinshasa kabla hujamaliza kusalimiana na aliyekutumia. Fedha ya mtandaoni tunayo na tunaijua vizuri. Lakini si Amazon wala AdSense inayolipa kwenye simu zetu. Wenzetu wa Goma, ambako benki zilifunga milango Januari 2025 mji ulipoingia mikononi mwa waasi wa M23, wangeniambia kwamba nalalamikia tatizo dogo.

Sababu moja ya tahadhari ya benki za nje inajulikana. Oktoba 2022 GAFI, chombo cha kimataifa kinachopambana na utakatishaji wa fedha, kiliiingiza Kongo kwenye orodha yake ya kijivu, yaani ya nchi zinazofuatiliwa kwa karibu, na benki za nje zinaposikia jina la nchi iliyo humo huuliza maswali mara mbili. Nawaelewa wanaouliza. Ila nakumbusha pia kwamba katika kesi moja mashuhuri ya wizi wa kamisheni, waliofungwa ni Wamarekani wawili wa California, Shawn Hogan na Brian Dunning. Walipandikiza alama za ufuatiliaji kwenye kompyuta za watu wasiobofya kitu, ili waonekane wamepitia viungo vyao, eBay ikawalipa mamilioni ya dola, na mwaka 2014 mahakama ikawahukumu, mmoja miezi 5, mwingine miezi 15. Hakuna aliyesema baada ya hapo kwamba watu wa California wasilipwe kama wengine. Kijana wetu ambaye hajaiba hata senti anangojea barua.

Kwa hiyo nikitenganisha mambo mawili haya, mlango wa kuingia siuoni kuwa na ubaguzi tunaousema. Dirisha la malipo ndilo lenye tofauti isiyo ya haki, na hilo ndilo tulipigie kelele, kwa majina ya kampuni na kwa tarakimu. Anwani ya binamu wa Brussels haitatui lolote kati ya hayo mawili. Haimfanyi mama wa Ruashi kuwa mteja wa Amazon. Na siku ya kulipwa, jina lililo kwenye akaunti, jina lililo kwenye fomu ya kodi na jina lililo benki yasipolingana, fedha zinazuiwa na akaunti inafungwa, safari hii kwa kosa lililo wazi. Ndiyo njia ya kuthibitisha kwa mikono yetu tuhuma ambayo hatukustahili.

Wapo wanaoshauri kinyume: acha Kiswahili, andika Kiingereza kwa ajili ya Mmarekani anayetafuta mashine ya kukamua matunda. Ni kazi halali na sitambeza anayeifanya. Lakini mwandishi huyo anasifu mashine ambayo hajawahi kuiwasha, akishindana na mtu aliyenayo jikoni kwake. Na betri za Katuba anamwachia nani?

Ningekuwa kijana yule ningeenda kwa wenye maduka ya vifaa vya umeme wa jua hapa hapa mjini, wale ambao wasomaji wake tayari wananunua kwao, na ningewapelekea ushahidi: idadi ya wanaosoma kila mwezi na jumbe za wanaouliza bei. Ningeomba asilimia ileile 3, na saa 24 ningezikataa. Kwa hali ya wanunuzi wetu, siku 30 ndiyo mwanzo wa mazungumzo. Mteja anaacha namba yake ya simu kwenye tovuti kabla ya kwenda dukani, mwenye duka analinganisha namba hiyo na risiti, na kila mwisho wa mwezi kamisheni inaingia kwenye M-Pesa kwa dola. Kwa betri ya dola 300 ni dola 9, bila hundi, bila ada ya 15.

Ugumu upo, na ni wa kweli. Mwenye duka anaweza kuficha risiti. Anaweza kudai mteja yule angekuja tu. Atataka pia usifu betri zake hata zile nyepesi, na ukikubali mara moja, wasomaji wa Ruashi watajua kabla ya mwezi kuisha. Kwa hiyo kabla ya kiungo cha kwanza, yaandikwe kwenye karatasi na kusainiwa mambo mawili: mwandishi ana ruhusa ya kusema betri fulani haifai, hata kama inauzwa na anayemlipa, na msomaji ataambiwa, juu kabisa ya makala, kwamba duka hili linatoa kamisheni. Mwenye duka atakayekataa sharti la kwanza aachwe, na kijana aende la pili.