Kitabu kisichokubali kukaa wazi

Wachapishaji, tuoneeni huruma sisi tunaofuma huku tukisoma. Baridi ya Juni imeshaingia hapa Arusha, na nina sweta ya mtoto, shali na soksi, zote nazifuma kwa zamu. Soksi ni za kwenye daladala. Shali siisomei kitabu kabisa. Ina matundu ya urembo, ukikosea kuhesabu mshono mmoja unafumua mstari mzima. Lakini mgongo wa sweta ni mshono uleule mwanzo hadi mwisho, vidole vinajua njia yake, macho yako huru. Hapo ndipo saa ya riwaya ya upelelezi.

Na hapo ndipo kitabu kinapojifunga! Kurasa zimebandikwa kwa gundi ngumu, ukingo wa ndani umebanwa hadi maneno yanazama kwenye mkunjo. Nikikigandamiza kwa simu, simu inafunika aya nzima. Nikikibonyeza kwa nguvu, gundi inapasuka na kurasa zinang'oka moja moja. Kitabu kipya, kwa hela yangu!

Vitabu vya zamani vilivyoshonwa kwa uzi vinalala wazi mezani bila kushikwa, na vinadumu. Najua kushona ni ghali kuliko gundi. Basi ongezeni ukingo wa ndani, hata sentimita moja tu, na tumieni gundi inayonyumbulika. Ipo. Mimi muuaji simjui bado, na sweta haina mkono wa pili.