Kata Kwanza, Safisha Baadaye

Ukipita kwenye studio ndogo za Dodoma, iwe Nkuhungu, Chang'ombe au Area C, kazi zinafanana: mahojiano, mahubiri, matangazo, kwaya, vipindi vya mtandaoni. Na kilio ni kimoja, kwamba mahojiano ya saa moja yanamaliza siku nzima kuhaririwa. Dawa inayotajwa haraka ni kompyuta yenye nguvu zaidi au plagini mpya (programu ndogo ya kuongeza uwezo wa ile ya kuhariri). Sikubaliani nayo. Sauti za watu wawili haziilemei hata kompyuta ya kawaida yenye RAM ya GB 8. Muda unaliwa na mpangilio mbaya: mtu anaanza kuondoa kelele, anarekebisha besi na treble, anasawazisha sauti, halafu ndipo anagundua kuwa nusu ya alichokihangaikia haitakiwi kwenye kipindi.

Mpangilio ninaoutetea ni huu. Sikiliza rekodi yote mara moja, mkono usiguse kitu zaidi ya kuweka alama. Kwenye Reaper, moja ya programu za kuhariri sauti, bonyeza M, au Shift+M kama unataka kuandika neno. Kwenye Audacity, programu nyingine ya kazi hiyo, ni Ctrl+M. Herufi moja inatosha: K ya kukata, H ya kuhamisha, S ya kusafisha. Usikilizaji huu unaweza kuuendesha kwa kasi ya 1.5, ila ukifika wakati wa kukata rudi kwenye kasi ya kawaida, maana kwa kasi hiyo hutausikia mdundo wa mazungumzo. Kisha ondoa mapande makubwa kwanza: swali lililokwama, jibu lililorudiwa, simu iliyolia katikati. Vidogo kama "eee" na "yaani" vinasubiri, kwa sababu vingi vitaondoka pamoja na mapande hayo.

Hapo mkono mmoja ukae kwenye kibodi. Reaper inapasua kipande kwa S, na Alt+P inawasha hali ambayo ukifuta kipande, vinavyofuata vinasogea vyenyewe kuziba pengo. Kabla ya kufuta, hakikisha hali hiyo inagusa treki zote, yaani mistari yote ya sauti kwenye skrini. Ukiiacha kwenye treki moja, maneno yatasogea na muziki wa chini utabaki ulipokuwa. Audacity ina kitu ambacho wengi hawakitumii: rekodi ikiwa inacheza, bonyeza [ mwanzo wa kosa na ] mwisho wake, simamisha, kisha bonyeza C. Itakuchezea sekunde 2 za kabla na sekunde 1 ya baada, kana kwamba umeshakata. Unasikia kiungo kabla hujafuta chochote, na yale mazoea ya kukata, kutendua na kukata tena yanaisha.

Suala la wapi hasa pa kukata lina uzito kuliko yote, na Kiswahili kina tabia yake. Maneno yetu karibu yote yanaishia na irabu, na mengi yanaanza na irabu pia. "Alisema anataka" katika mazungumzo ya kawaida ina "a" moja ndefu katikati. Ukikata hapo, sauti inaruka, kwa kuwa "a" ya kwanza inashuka na ya pili inapanda. Tafuta neno linaloanza na k, t, p au ch. Kabla ya herufi hizo kinywa hufunga njia ya hewa kwa muda mfupi sana, na kwenye skrini utaona wimbi linalala karibu liwe mstari. Hapo ndipo pa kuungia.

Chukua sentensi "Mwenyekiti amesema, eee, kwamba maji yatafika." Usitafute mwisho wa "eee". Nenda kwenye ule ukimya mdogo ulio kabla ya "kwamba", uweke hapo mwisho wa unachokata. Mwanzo wake uweke pale ambapo "a" ya mwisho ya "amesema" bado ni "a", kabla haijaanza kupinda kuelekea "e". Kiungo hakitasikika, kwa sababu hata katika usemi wa kawaida irabu hukatika ghafla mbele ya k. Angalia tu maneno yanayoanza na mb, nd na ng. Ndani yake m au n inavuma kabla ya b, d au g, na ukifuata ule mlipuko unaoonekana vizuri kwenye wimbi, "mbele" itatoka "bele".

Kila kiungo kipitishiwe mpishano mfupi wa sauti, yaani kipande cha kwanza kififie huku cha pili kikipanda. Penye ukimya milisekunde 5 hadi 10 zinatosha, na ndani ya irabu 15 hadi 20. Ukizidisha ukafika 50 na zaidi, utaanza kusikia vinywa viwili kwa pamoja. Ule mlio wa "tik" unatokea pale wimbi linapokatwa likiwa juu au chini ya mstari wa sifuri. Kwenye Audacity chagua eneo, bonyeza Z, kingo zitahamia kwenye sifuri iliyo karibu. Pumzi usizifute. Mtu asiyepumua anachosha kumsikiliza. Zipunguze desibeli 6 hadi 8 zinapokera, na ufute moja tu pale ambapo kukata kumeziacha mbili zikifuatana.

Kama mgeni na mtangazaji wana maiki mbili, funga vipande vyao kwenye kundi moja (Reaper ni G) kabla ya kukata chochote, ili vikatwe kwa pamoja. Sauti ya mmoja inavuja kwenye maiki ya mwenzake, kwa hiyo ukifuta neno upande mmoja, kivuli chake kinabaki upande wa pili.

Sasa kelele. Dodoma kiangazi ina upepo usiopumzika. Madirisha yanavuma, na ukiyafunga inabidi uwashe feni. Kabla mgeni hajaondoka, rekodi sekunde 30 za chumba kitupu, watu wakiwa wamekaa kimya. Sekunde hizo zitakusaidia mara mbili: kuziba mapengo baada ya kukata, kwa kuwa ukimya kamili kwenye spika unamfanya msikilizaji adhani matangazo yamekatika, na kuifundisha programu kelele ni ipi mwishoni unaposafisha. Punguza desibeli 6 hadi 10, uishie hapo. Ukilazimisha zaidi, sauti inakuwa kama ya mtu aliye ndani ya pipa la maji. Mvua kwenye bati haina tiba. Mlio wake umeenea kwenye masafa yote ya sauti ya mtu, tena unabadilika kila sekunde. Simamisha kurekodi.

Muziki wa Kigogo unataka mkono tofauti kabisa. Ngoma ya muheme, zeze na ilimba (ala ya vibapa vya chuma vinavyopigwa kwa vidole gumba) huchezwa bila mdundo wa mashine, kwa hiyo zima ile hali ya kunatisha vipande kwenye gridi, yaani mistari ya mdundo iliyo kwenye skrini (Reaper: Alt+S), na ufuate pigo lenyewe kwa kitufe cha Tab. Ungia kwenye mwanzo wa mrudio, kabla tu ya pigo, mahali ambapo sauti za waimbaji zimepungua. Na kipunguza kelele usikiguse kabisa. Mkwaruzo wa upinde wa zeze na mvumo wa ilimba ni mali ya ala zenyewe, lakini programu inauona kama uchafu na itaulamba wote. Upepo ukiwa umeingia kwenye rekodi kama hiyo, tumia kichujio kinachokata sauti za chini peke yake: anza hezi 40, panda taratibu, na mara ngoma inapoanza kukonda, rudi nyuma kidogo.