Jua la Kampala halimngoji MC

Kila msimu wa harusi ujumbe ni uleule kwenye makundi ya WhatsApp. Picha mbili tatu za maharusi, nyuso zimekuwa nyeusi tii, gauni limegeuka zambarau, na chini yake mtu ameandika: "Huyu mpiga picha msimwite tena." Wanafuata wa kusikitika, wa kucheka, na shangazi mmoja anayeomba jina la mhusika ili watu wamkwepe. Wa kuuliza picha zilipigwa saa ngapi huwa hayupo.

Basi wacha niulize mimi. Zitazame tena hizo picha. Nyuma ya bwana harusi taa za bustani zinawaka. Maana yake ni saa moja na nusu usiku, na kadi ya mwaliko ilisema sherehe inaanza saa kumi na moja jioni. Kati ya hapo na pale kuna saa mbili na nusu zilizoliwa, na aliyezila si mwenye kamera.

Sisi tunaishi kwenye ikweta, ila kamati za harusi hazijapata habari hiyo. Kampala jua huzama kati ya saa kumi na mbili na dakika 35 na saa moja na dakika tano hivi, mwaka mzima. Linawahi zaidi mwanzoni mwa Novemba na kuchelewa zaidi katikati ya Februari, na tofauti yote ni nusu saa. Ukiwa Kasese ongeza dakika kama kumi, ukiwa Mbale punguza chache. Na likizama, limezama. Kwetu jua hushuka wima, kwa hiyo dakika ishirini na kidogo baadaye anga imekwisha kuwa giza. Bibi harusi anamtumia mpiga picha sampuli za Ulaya kutoka intaneti, watu wanatembea shambani katika mwanga wa dhahabu usiokwisha, na anasema "tunataka kama hizi." Kule jua la kiangazi huteleza pembeni kwa muda mrefu kabla ya kuzama. Hapa, kutoka linapokuwa nyuzi kumi juu ya upeo hadi kupotea, unapewa kama dakika 40. Dakika hizo 40 ndizo mlizolipia, na ndizo mnazozitumia kumtafuta best man aliyekwenda kuleta barafu.

Kuna wanaosema, si tupige mchana basi, jua liko tele? Liko tele kweli. Kilele chake Kampala si saa sita bali karibu saa saba kasorobo, kwa sababu tunatumia saa za Afrika Mashariki huku tukiwa magharibi ya mstari wa ramani zinakopimiwa. Na hata mwezi wa Juni au Desemba, kileleni halishuki chini ya nyuzi 66. Mwanga unakuja kutoka utosini: mboni zinaingia gizani, pua inatupa kivuli mdomoni, paji la uso linang'aa kama sufuria mpya. Juu ya hapo weka gauni jeupe karibu na ngozi nyeusi na suti nyeusi. Ukiiacha kamera ijiamulie, ikiona gauni limejaa kwenye fremu inapunguza mwanga na uso unazama. Ikiona suti imejaa, inaongeza mwanga na shanga zote za gauni zinaungua, yaani zinabaki doa jeupe tupu. Nyeupe iliyoungua hairudi, hata uwe na programu ya bei gani. Kwa hiyo anayejua kazi hupima mwanga kwa gauni, anapiga faili ghafi (RAW, picha ambayo kamera haijaichakata), kisha anainua mwanga wa uso wakati wa kusafisha picha au anaujaza kwa flashi. Na flashi nayo ina masharti: kamera nyingi haziendani nayo kwa kasi ya shata (pazia la kamera) kupita sekunde 1/200 au 1/250, labda utumie hali ya kasi ya juu, ambayo inakula sehemu kubwa ya nguvu yake na betri zake pia.

Chini ya mwembe je? Majani yanatupa madoa ya jua usoni na rangi ya kijani kidevuni. Baraza la nyumba ni bora, mtu asimame ukingoni mwa kivuli akitazama nje, mwanga wa anga umpige usoni taratibu. Ila jaribu kumwambia mama mkwe kwamba bustani ya laki kadhaa mliyoikodisha si nzuri kama baraza la jirani.

Sasa tuhesabu saa zinapotelea wapi, maana hili ndilo linaloniudhi kuliko yote.

Saluni kwanza. Mpambaji mmoja, matron mmoja, wasimamizi watano, na bibi harusi anawekwa wa mwisho "ili vipodozi vibaki vibichi." Kila uso wa mbele ukichelewa dakika kumi, saa nzima inamwangukia yeye. Awekwe wa tatu au wa nne, na wa mwisho awe yule msimamizi ambaye hata akikosekana kanisani ibada itaendelea. Poda inarekebishwa kwa dakika tano mlangoni mwa kanisa. Saa haitengenezwi.

Kanisani. Makanisa makubwa ya mjini Jumamosi hupokea harusi moja nyuma ya nyingine. Mkichelewa, mchungaji anafupisha, na kabla hamjamaliza kutia sahihi kwenye daftari maharusi wengine wameshafika na matarumbeta yao. Picha za ngazini, zile ambazo bibi atazitundika sebuleni, zinakufa hapo. "Tutazipiga bustanini." Bustanini kuna nani? Kuna maharusi wengine watatu wamepanga foleni kwenye chemchemi moja, na askari wa geti anataka risiti ya kupiga picha, ambayo mweka hazina hakuiweka kwenye bajeti. Foleni ya magari ya barabara ya Entebbe au ya Jinja siisemi, kila mtu anaijua, na bado kila kamati hupanga safari kana kwamba Jumamosi hiyo mji utahamia kijijini.

Halafu familia. Hapa ndipo mwanga unapochinjwa. Kundi moja la watu kumi na tano, kulipanga, kumsubiri mjomba amalize simu, kuwapokonya watoto soda, kupiga mara nne au tano kwa sababu lazima mmoja afumbe macho: dakika tatu, na hapo umekwenda mbio. Makundi thelathini ni saa moja na nusu. Nani ana saa moja na nusu? Lakini kila ukisema "hilo la mwisho," anajitokeza mtu: "Ssebo (bwana), moja tu, na watu wa ofisini." Wa ofisini wakiondoka wanakuja wa SACCO. Wa SACCO wakiondoka wanakuja wa kwaya.

Dawa yake ni karatasi. Makundi kumi au kumi na mawili yameandikwa wiki moja kabla, na ndugu mmoja mwenye sauti na asiyeogopa wazee amepewa kazi ya kuita majina. Asiwe mpiga picha, kwa sababu mpiga picha hamjui baba mdogo wala dereva, na akikosea kumweka dereva katikati ya ukoo mtaikumbuka milele. Waanze wazee, wapigwe, wakakae kivulini. Wafuate wenye watoto wachanga. Marafiki wa mwisho, maana hao ndio watakaokuwepo hata saa sita usiku. Maharusi peke yao wapewe saa kumi na mbili kasorobo hadi jua lizame, na kwa muda huo MC anyamaze hata kama ukumbi umejaa. Wageni wamezoea kungoja. Wape soda na muziki.

Tukiingia ukumbini mwanga wa Mungu umekwisha, tuko mikononi mwa mpambaji na DJ. Wale mnaopenda taa za zambarau na bluu, sikilizeni. Taa ya rangi moja kali inajaza sehemu ya kamera inayonasa rangi hiyo na kuziacha za rangi nyingine tupu. Uso unabaki bapa, bila mashavu wala pua, na hakuna kitu cha kurudisha kwa sababu hakikunaswa. Flashi ya kurusha juu nayo inataka dari nyeupe. Hema lenye vitambaa vya dhahabu litarudisha dhahabu, la waridi litarudisha waridi, na lile lililo wazi juu halirudishi chochote. Inabidi taa mbili za flashi kwenye stendi kwenye pembe, mbali na njia ya wahudumu, la sivyo trei ya pilau itazikuta. Taa za LED za bei nafuu hupepesa. Umeme wetu ni wa hertz 50, hivyo shata ya 1/50 au 1/100 hutuliza ile mistari inayokata picha, na shata ya kielektroniki izimwe kabisa. Umeme ukikatika na jenereta ikaanza kuyumba, hata hesabu hiyo inayumba nayo. Ombeni taa nyeupe kwenye meza kuu na kwenye keki, mbili tu. Zambarau ibaki ukutani.

Kwenye kwanjula, sherehe ya Kiganda ya muoaji kutambulishwa kwa wakwe, mambo ni afadhali kidogo, maana mengi ni mchana. Lakini kuna langoni na kuna ndani, kwa wakati mmoja. Upande wa muoaji wamejipanga nje na kanzu zao wakikaguliwa, na ndani wasichana waliovaa gomesi, gauni la kienyeji, wanatoka kusalimia. Kisha ssenga, shangazi wa bibi harusi, anatumwa kumtafuta bwana harusi aliyejificha katikati ya watu wake, na hapo kuna sekunde chache: mkono wa ssenga, ua kifuani, mtu anacheka. Hairudiwi. Mpiga picha mmoja hawezi kuwa geti na kuwa hemani, ila kamati inalipia mmoja na kuongeza kwa ukarimu, "atakuja na msaidizi wake." Msaidizi naye hula, enyi watu.

Nakubali, shingo upande, kwamba wapo wapiga picha wanaostahili kutukanwa. Yule anayekodi kamera Jumamosi asubuhi na kujifunzia vitufe vyake madhabahuni. Yule anayeshika harusi mbili siku moja. Yule mwenye kamera ya nafasi mbili za kadi anayetumia moja, kisha kadi inakufa na ndoa nzima. Harusi moja ni fremu 2,500 au zaidi, na kwa faili ghafi za megapikseli 24 hiyo ni gigabaiti 60 na zaidi. Nakala ziwe mbili kabla hajalala, na moja isikae kwenye begi lilelile linalopanda boda.

Simu na tableti za wageni katikati ya njia ya kanisa: mchungaji atangaze mara moja, yatosha. Droni: inahitaji kibali cha mamlaka ya usafiri wa anga, hivyo msimwambie mtu Ijumaa usiku. Kuhusu "tupe picha zote, hata mbichi": Sheria ya Hakimiliki ya 2006 inampa haki aliyeagiza kazi pale ambapo hapana mkataba unaosema vingine, kwa hiyo wapiga picha wenzangu wanaofoka bila karatasi yenye sahihi wapunguze sauti. Ila mteja naye ajue zile mbichi zina shangazi anayetafuna.

Na salio. Nusu wakati wa kushika tarehe, nusu kabla ya ibada, kwa simu, ujumbe wa muamala uonekane. Baada ya keki kamati imevunjika: mwenyekiti amerudi Mbarara, mweka hazina anasema michango ya ahadi haijaingia, na maharusi wako fungate hawataki kusumbuliwa. Picha 500 zinangoja kusafishwa kwa dakika mbili kila moja, yaani zaidi ya saa 16 kwenye kompyuta, na kila asubuhi unaingia ujumbe kutoka kwa mtu ambaye hakuchangia hata shilingi: "Nnyabo (mama), picha zimefika wapi?"