Christopher Lee na hofu ya mwenyeji mwenye adabu

Baba yangu alimwona Dracula kwa mara ya kwanza akiwa nje ya ua. Ilikuwa miaka ya sabini, kwao Mathare, na jioni za wikendi yeye na wenzake walikuwa wakitembea kwa miguu hadi Fox Drive-In, ile sinema ya wenye magari kwenye barabara ya Thika. Aliyelipa aliingia na gari lake, akatundika spika ndogo dirishani na kutazama akiwa ameketi. Wao walisimama nje, kwenye nyasi za kufika magotini, wakaiona picha yote bila kusikia hata neno moja. Sauti ilibaki ndani ya magari ya watu.

Filamu anayoikumbuka mpaka leo ni Dracula: Prince of Darkness, ya mwaka 1966. Ninajua ni hiyo kwa sababu anakumbuka barafu: mwishoni yule mnyonya damu anazama kwenye maji baridi chini ya ngome yake, barafu ikipasuka pande zote. Anakumbuka pia mtu aliyeninginizwa kichwa chini, damu yake ikidondokea majivu, kisha mkono ukichomoza. Mwaka huu ndipo nilipomweleza jambo ambalo hakuwahi kulijua: hata waliokuwa ndani ya magari hawakumsikia Dracula akisema kitu. Christopher Lee, mwigizaji Mwingereza aliyemcheza Dracula, hatamki neno hata moja katika filamu ile, tangu anapofufuka mpaka anapozama. Hufoka tu kama paka. Baba alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Kwa hivyo sisi wa nje hatukupunjwa."

Maneno hayo ndiyo yaliyoanzisha mjadala nyumbani kwetu Umoja, tulipokuwa tukimkumbuka Lee. Alifariki London tarehe 7 Juni 2015, akiwa na umri wa miaka 93. Baba anasema hakuna mwigizaji wa filamu za kutisha aliyewahi kumfikia. Mpwa wangu, kijana wa chuo, alimjua Lee kama yule mchawi mzee mwenye ndevu nyeupe katika The Lord of the Rings, na anaona filamu za zamani ni za kuheshimiwa tu, si za kuogopwa. Kila mmoja ana hoja, na nimezifikiria kwa wiki kadhaa.

Nianze na hoja ya baba. Lee alizaliwa London tarehe 27 Mei 1922, mwaka uleule ambao Nosferatu, filamu bubu ya Wajerumani kuhusu mnyonya damu, ilionyeshwa kwa mara ya kwanza. Alihudumu katika jeshi la anga la Uingereza wakati wa Vita Vikuu vya Pili, kisha akahangaika miaka kumi akipewa vijisehemu vidogo, kwa kuwa walisema ni mrefu mno. Alikuwa na urefu wa mita 1.96, na nyota gani angekubali kusimama kando yake aonekane mbilikimo? Urefu uliomfungia milango ndio uliomfungulia: mwaka 1957 studio ya Hammer ilitafuta mtu mrefu wa kuwa zimwi la Frankenstein, na mwaka uliofuata ikampa Dracula. Dracula huyo alimcheza katika filamu za Hammer mara saba, mara ya mwisho mwaka 1973.

Itazame ile ya 1958 kwa makini. Mgeni yuko ukumbini, na kivuli kirefu kinatokea juu ya ngazi. Muziki unakuandaa uone jinamizi. Kumbe anashuka ngazi upesi, miguu myepesi, na usoni ni bwana mtanashati mwenye sauti ya upole. Anamkaribisha mgeni, anauliza habari za safari, anambebea mzigo hadi chumbani. Baadaye ndipo mlango wa maktaba unapofunguka, na bwana yuleyule yupo pale, macho mekundu, damu imemtapakaa kidevuni. Baada ya hapo hazungumzi tena mpaka mwisho. Terence Fisher, mwongozaji, hakuhitaji kutueleza kwamba mtu yule ameondoka. Kunyamaza kwake kunatosha.

Kuhusu kimya cha 1966 kuna ubishi ambao haukuisha hadi wahusika walipokufa. Lee alisimulia kwa miaka mingi kwamba aliletewa maneno, akayaona ya kipuuzi, akakataa kuyatamka. Jimmy Sangster, aliyeandika filamu hiyo, alisema hakumwandikia neno lolote tangu mwanzo, kwani mnyonya damu hana haja ya kupiga soga. Sijali sana nani alisema kweli. Linalonishangaza ni kwamba mtu mwenye mojawapo ya sauti nzito kuliko zote katika sinema, sauti aliyoiimbia hata muziki wa metali akiwa na umri wa zaidi ya miaka themanini, alinyang'anywa sauti hiyo, akabaki na mabega, vidole na macho, na bado mvulana aliyesimama nje ya ua barabara ya Thika alirudi Mathare akigeuka nyuma kila hatua.

Baba ana hoja ya pili, na hapo ndipo ninapomwacha. Anasema filamu za siku zile zilitisha bila damu, za leo ni bucha. Si kweli. Katika ile ya 1958, mwanzoni kabisa, damu nyekundu ya kung'aa inamwagikia jeneza lenye jina la Dracula. Hammer ilijijengea jina kwa kuleta damu ya rangi mahali ambapo watu walizoea nyeusi na nyeupe. Ilipewa cheti cha watu wazima Uingereza, wakaguzi wakaikata, na baadhi ya waandishi wa magazeti wakaiona ni uchafu. Vipande vya mwisho wa Dracula, pale anapojikwaruza uso huku jua likimla, vilipotea miongo mingi hadi vikapatikana Japani. Kwa hiyo mzee anapolalamikia bucha la leo, anarudia yaleyale waliyoyasema wazee wa 1958 kuhusu filamu anayoipenda. Nilimwambia hivyo kwa heshima, naye hakupenda.

Mpwa wangu ana hoja ya aina nyingine, nayo ina uzito kuliko nilivyodhani. Dracula, anasema, ni hofu ya watu wengine: ngome, msalaba, kitunguu saumu, binti wa Kizungu amelala dirisha wazi. Anauliza hilo linamhusu nini mtu anayeshuka matatu saa tatu usiku na kukuta stima zimepotea mtaa mzima. Kisha akaniwekea Get Out ya Jordan Peele, ya mwaka 2017. Nilikuwa nimeiona, ila sikuwa nimesikiliza. Mwanzoni kabisa, gari likipita msituni, kuna kwaya inayoimba, na inaimba kwa Kiswahili! Wimbo huo unaitwa Sikiliza kwa Wahenga, wa Michael Abels, na unamwonya mhusika mkuu, kijana Mweusi anayekwenda kwa wazazi wa mpenzi wake Mzungu, akimbie. Yeye haelewi. Watazamaji wengi duniani hawaelewi. Sisi tulioketi Umoja tunaelewa kabla ya mtu mwingine yeyote kwamba huko anakokwenda asiende, na hatuna namna ya kumwambia. Sijawahi kuona huruma na kutishwa na filamu kwa pamoja kiasi kile.

Mpwa hakuishia hapo. Akamleta Lupita Nyong'o, aliyekulia hapa Nairobi, katika Us ya 2019. Anacheza wanawake wawili wenye uso mmoja, na yule wa pili anazungumza kwa sauti iliyokwaruzika, ya mtu aliyekabwa koo akabaki na pumzi ya kuazima. Miaka mitano baadaye akaigiza katika A Quiet Place: Day One, ambamo anayepiga kelele anakufa, hivyo filamu karibu yote ameibeba kwa macho. Hapo nilimwambia mpwa kwamba amemsaidia babu yake bila kujua. Lupita akinyamaza katika ile ya 2024 anafanya kazi ileile ya Lee wa 1966. Kijana alicheka, akakubali nusu.

Mama alipita sebuleni mara mbili akituambia tunaalika mapepo nyumbani. Sitampuuza. Kuna watoto mtaani wanaotazama kwenye simu vitu ambavyo hata mimi vinaninyima usingizi, na umri ulioandikwa kwenye tangazo la filamu hausomwi na mtu. Ila hoja ya mapepo yenyewe siikubali, na sababu itaonekana.

Mimi nina jibu langu, na limetokana na kitu alichotuambia bibi, mama yake baba. Alikuwa akiwakataza watoto wake kutembea magharibi ikiingia, kwa sababu ya mumiani. Enzi za ukoloni uvumi huo ulienea Nairobi na katika miji mingi ya Afrika Mashariki: kwamba wako watu wanaoajiriwa kuwakamata wapita njia na kuwatoa damu. Wengine waliwaita kachinja, wengine wakawanyooshea kidole wazimamoto. Angalia tofauti yake na Dracula. Mumiani hafufuki kaburini. Yu hai, ana sare, ana gari, ana mwajiri, pengine anakusalimu vizuri. Watu wetu walimjua mnyonya damu kabla ya filamu kufika, na walimjua kama mtu mwenye kazi yake.

Ukiibeba hofu hiyo kichwani, filamu zinajipanga upya. Get Out ni hadithi ya mumiani tangu mwanzo hadi mwisho: umealikwa, umeandaliwa chai, wenyeji wanatabasamu, na wanachokitaka ni mwili wako. Na Lee mwenyewe, sehemu yake ya kutisha zaidi katika ile ya 1958 si meno. Ni zile dakika za mwanzo anapombebea mgeni mzigo.

Ndiyo maana, nikiulizwa filamu moja tu ya kutisha ya kumkumbukia Lee, sisemi Dracula. Nasema The Wicker Man, ya 1973, iliyoongozwa na Robin Hardy na kuandikwa na Anthony Shaffer. Lee aliiona kuwa miongoni mwa kazi zake bora kabisa, na alisema aliigiza bila malipo ili filamu ipate kutengenezwa. Afisa wa polisi, Mkristo shupavu, anakwenda kisiwa kimoja cha Uskoti kumtafuta msichana aliyepotea. Bwana wa kisiwa ni Lee, safari hii bila joho wala damu, nywele zimechanwa vizuri, mchangamfu, mwenye jibu la kila swali. Mavuno yameharibika, na kisiwa kizima kinaamini kinajua dawa yake. Mwishoni afisa anateketezwa ndani ya jitu la matawi yaliyosukwa, na wanakijiji wanashikana mikono wakiimba. Wanaimba kwa furaha. Hakuna pepo hata mmoja katika filamu nzima.

Niliitazama mara ya kwanza kabla ya mwaka 2023, nikaiona nzuri. Kisha likaja jambo la Shakahola. Msitu wa Kilifi ukafukuliwa na miili zaidi ya 400 ikatolewa, watu waliofuata mahubiri ya kufunga hadi kufa, watoto wakiwemo. Tofauti ipo na lazima isemwe: kisiwani anachomwa mgeni, Shakahola walioangamia ni waumini wenyewe na wana wao. Na sitaki kulifanya kaburi la mtu yeyote kuwa mfano wa filamu. Ila siwezi kujizuia kuwaza ninapoitazama. Anayenitisha pale si moto, ni sura ya Lee kabla ya moto: utulivu wake, jinsi anavyozungumza na watu wake kama mzazi. Afisa anamwambia usoni kwamba mavuno yakikosa tena mwaka ujao, watamtaka yeye bwana wa kisiwa awe sadaka. Lee anajibu kwamba mavuno hayatakosa, na kwa sekunde moja hivi uso wake unakaza. Kisha utulivu unarudi. Sijui mwigizaji mwingine ambaye angeweza kuweka sekunde ile pale na kuiondoa upesi namna hiyo.

Mpwa anasema filamu hiyo ni ya polepole, na nyimbo zimezidi. Ana haki kwa nusu ya kwanza. Baba hakuwahi kuiona, kwa hiyo Jumapili iliyofuata tuliiweka. Alikaa karibu na televisheni, sauti imepandishwa juu, kwa sababu masikio yake siku hizi hayamsaidii na hakutaka limpite neno. Wimbo wa mwisho ulipoisha hakuna aliyesema kitu. Kisha mzee akaomba turudishe nyuma, mpaka pale afisa anapoingia nyumbani kwa bwana wa kisiwa kwa mara ya kwanza na kupokewa, atazame tena uso wa yule bwana, aone kama palikuwa na dalili.

Tukairudisha.