Deni la Upepo

Asubuhi hii, kabla sijatia hata mahamri mdomoni, simu ya Mama Watoto imelia. Yangu ni maiti, nitaieleza nikipata nguvu. Ujumbe wa mzee wa mtumbwi unasema: "Habari za asubuhi mwanangu. Ile mia nane ya kusubiri upepo, nakumbusha tu. Mungu awaweke."

Nakumbusha tu!

Mimi ni mtu mzima na nina heshima zangu mtaani. Madeni yangu nayajua kwa majina. Lipo la duka, lipo la chama, lipo la karo ambalo tumeshazoeana kiasi kwamba likikosa kunipigia simu Jumatatu nalisalimia mimi. Deni la maji nalilipa hata mfereji ukikohoa hewa wiki nzima. La tokeni nalilipa gizani. Lakini deni la upepo? Nisubirishwe mimi, nilowe mimi, mbu wanile mimi, halafu nimlipe aliyekuwa amekaa kando yangu akisubiri vilevile?

Chanzo ni shemeji. Kaka yake Mama Watoto anafanya kazi Maskati, amerudi likizo na manukato ya kupasua pua, saa ya mkononi inayomhesabia mapigo ya moyo, na mtindo wa kusema "kule kwetu" akimaanisha Omani. Kazaliwa Kilifi huyu! Kakulia hapa, katahiriwa hapa, mpaka leo ana kovu la mwembe wa jirani. Lakini kule kwao ni Omani. Akasema amechoka na viyoyozi, anataka mazingira. Sisi tunaoishi ndani ya hayo mazingira mwaka mzima hakuna anayetuuliza kama tumeyachoka.

Basi, Mida. Kilomita za mraba 32 hivi za maji, tope na mikoko nyuma ya Watamu, na shemeji anataka kuziona zote kwa mtumbwi kabla ya chakula cha mchana. Anataka na ndege. Amesoma kwamba pale wanatua ndege kutoka Siberia. Ni kweli wanatua, tena kwa maelfu, ila wale wana akili: huja kwao kukishika baridi, na upepo wa kusi ukianza kuvuma mwezi wa nne wengi washafunga virago. Yuko hata mmoja mweusi na mweupe, mla kaa, anayezalia huko huko pande za Ghuba kisha huja kwetu kutembea. Sasa hivi ni Julai. Huyo ndege yuko Ghuba, shemeji yuko Mida. Walipishana angani.

Sisi tulimwona kunguru.

Nauli siisemi. Getini tukalipa, ndani ya geti tukalipa, na soda niliyowanunulia watoto ilikuwa na bei ya hoteli na joto la chai.

Mzee mwenye mtumbwi alikuwa ametuambia tangu jana yake: njooni saa moja asubuhi, kusi likiwa bado limelala, saa tatu mshamaliza. Sasa chukua familia yenye mama mkwe, watoto, pilau la kubeba na mtu aliyetoka Maskati, uifikishe mahali saa moja. Pilau lilikuwa halijakauka. Mama mkwe alikuwa hajaipata leso yake ya safari, na mama mkwe haharakishwi, si na mimi. Shemeji akasema kule kwao likizo haina kengele. Tukafika saa nne unusu.

Mzee alikuwa amekaa ukingoni mwa mtumbwi. Akatazama jua, akatutazama sisi, akatazama vichwa vya mivinje.

"Twendeni," akasema, "lakini hili kusi la leo silipendi."

Shemeji akatoa simu. "Usihofu mzee, upepo ni mdogo sana. Imeandikwa hapa."

"Simu iko wapi?"

"Si hii hapa mkononi."

"Na huo upepo ulioandikwa unavuma wapi?"

Shemeji akaitazama vizuri. Akaipangusa kwa kidole gumba. "Maskati," akasema, kwa sauti ya chini kabisa.

Tukapanda. Mama mkwe mbele, omo, juu ya leso iliyokunjwa mara nne. Mama Watoto na wanawe na sufuria la pilau. Shemeji katikati, mahali pa kupigia picha. Mzee nyuma, tezi, na kafi lake na upondo wake wa kusukumia. Mimi nikaonyeshwa pale chini, ngamani, pembeni ya kidumu cha mafuta ya kupikia kilichokatwa mdomo. Nikauliza hiki cha nini. Mzee akasema ni cha ikibidi. Jaketi langu la kuelea lilikuwa limekatika kifungo, akanifunga kwa kamba ya katani, fundo la mbuzi wa sikukuu, akanipigapiga begani kunituliza.

Kwenda kulikuwa kuzuri, sitasema uongo. Maji yamejaa, yametulia, mikoko imejitazama humo. Shemeji akawa anawafundisha watoto: "Mnaona hii mikoko yote?" Mzee, bila kuacha kupiga kafi, akamwambia ule si mkoko, ule ni mchu, na ule mwingine ni mlilana, na nyuma kule ni mikandaa. Shemeji akasema kule kwao yote wanaiita jina moja.

Tulipofika pale panapopanuka, kofia ya shemeji ndiyo iliyotupa habari. Iliinuka kichwani bila kuaga ikashika njia ya msitu wa Arabuko-Sokoke. Tukaitazama inavyokwenda. Tulipogeuza nyuso mbele, bahari ilikuwa imebadilika rangi.

Kisa chenyewe ni hiki: maji yalikuwa yameanza kupwa, yanatoka kwenda bahari kuu, na kusi linaingia kutoka bahari kuu. Wawili hao wakikutana hakuna anayempisha mwenzake, mawimbi yanakuwa mafupi, yanasimama wima, na uwanja wa vita ni mtumbwi wangu, maana mimi ndiye niliyekuwa chini kabisa. Wahenga waliposema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, hawakumfikiria mtu aliyepangiwa kukaa ngamani tangu mwanzo.

"Fua maji, baba!" mzee akaniambia.

Nikafua. Nikitoa kidumu kimoja, vinaingia viwili. Mama mkwe akaanza kusoma dua, na kila wimbi likipanda sauti yake inapanda nalo. Mama Watoto nilimwona kwa macho yangu haya: mkono wa kushoto kamshika mtoto, mkono wa kulia kashika sufuria. Nikajitafuta kwenye ile mikono, sikujiona. Sisemi kitu.

Shemeji sasa amekuwa nahodha. "Geuza kulia! Mzee, kulia! Usimpe ubavu!" Mtu ambaye kazi yake Maskati ni kupanga mafaili. Mzee hamjibu. Shemeji akanigeukia mimi. "Shemeji, ongeza mwendo wa kufua."

Niongeze mwendo! Hivi kwa nini kila chombo nilichowahi kupanda katika nchi hii, kiwe matatu, kiwe kivuko, kiwe chama cha mazishi, wanaotoa amri ni kumi na anayefua maji ni mimi? Nyumbani mfereji ukipasuka naitwa mimi. Kazini paa likivuja ndoo napewa mimi. Nikaoa, nikapata mashemeji watano, nikasema alhamdulillahi, mikono imeongezeka. Zilizoongezeka ni sauti!

Mzee, Mungu ampe umri, hakubishana na upepo. Aliuelekeza mtumbwi kwenye kijinjia kati ya mikoko, akausukuma kwa upondo hadi ndani, akaufunga kwenye mchu. Mara kimya. Upepo unapita juu, majani yanalia, huku chini hata kibiriti kingewaka. Tukapumua. Tukala pilau, ambalo lilifika salama kuliko abiria wote, na nyama shemeji akazijua zilipo.

Mbu nao walikuwa hawajala.

Tulikaa. Maji yakazidi kutoka, mtumbwi ukagusa tope, ukalala ubavu kidogo, ukatulia. Mzee akatuambia tushukuru kwamba ni maji mafu, yasiyopwa sana, ingekuwa bamvua, maji makubwa, tungelala pale na kaa. Kisha akachungulia jua kati ya majani, akakohoa kikohozi cha mtu mwenye habari.

"Saa zenu zimekwisha."

"Saa gani, mzee?"

"Mlikodi saa mbili. Hii ni ya tatu."

"Lakini hatuendi popote!"

"Hatuendi. Lakini mtumbwi uko kazini."

"Mtumbwi umekaa kwenye tope!"

"Umekaa kwenye tope na nyinyi mmo ndani. Ungekaa mtupu, mimi ningekuwa kwangu."

Nikavuta pumzi. Nikakumbuka mimi ni mtu mzima. Nikamwambia kwa upole, mzee wangu, upepo huu ni wa Mungu.

"Wa Mungu," akakubali. "Mtumbwi ni wangu."

Nikageuka kutafuta msaada kwa mtu wa Ghuba, nahodha wetu, mwenye riali. Shemeji alikuwa ameinama anachunguza mizizi ya mkoko. Mtu ambaye saa moja nyuma alikuwa haujui mchu, sasa anasoma gome la mti mstari kwa mstari.

Nikaingia kwa mlango wa haki za mfanyakazi. "Mzee, mimi nimekufulia maji. Kibarua hulipwa, sivyo?"

Akafikiri. Ni mtu wa haki yule, ndilo tatizo lake. "Kweli umefua. Kibarua cha siku nzima huku tunampa mia tano. Wewe umefua kama robo saa. Tuseme shilingi ishirini."

"Basi zitoe kwenye hesabu."

"Nimetoa. Sasa kidumu kiko wapi?"

Tukatazama chini wote. Mama Watoto akatazama. Hata mama mkwe akainua leso akatazama. Kidumu hakipo. Kilikuwa kimenitoka mkononi pale kwenye wimbi lile kubwa, na wakati ule nilikuwa na mambo mengine ya kushika, kama vile uhai.

"Kidumu hamsini," mzee akasema.

Yaani nilifanya kazi, nikaishia kudaiwa thelathini zaidi ya nilipoanzia. Nimeajiriwa sehemu nyingi, lakini kote huko walingoja walau mwisho wa mwezi.

Nikamwambia silipi. Nikasimama kulisema vizuri, mtumbwi ukayumba, nikakaa. Mzee hakuchukia hata kidogo. Alichukua kafi akaliweka magotini, akaegemea, akafumba macho. Ndipo nilipoelewa hali ya soko. Ndani ya mikoko yote ile mwenye kafi ni mmoja, na anaijua njia peke yake, na usingizi anao.

"Mwanangu," mama mkwe akaita kutoka omo.

"Labeka, mama."

"Mpe mzee haki yake tutoke hapa. Miguu imekufa ganzi."

Mtu hubishana na mzee wa mtumbwi, hubishana na upepo, hata na kampuni ya umeme hubishana ukiwa na salio la kungojea kwenye simu. Na mama mkwe je? Nikasema ndiyo mama. Mia nane, kidumu ndani yake. Shemeji akapona macho papo hapo, akanishika bega: "Nitakurudishia, shemeji. Riali zangu sijabadilisha tu." Nikawa sina pesa mkononi, mzee akasema hana shaka, nimtumie nikifika nyumbani. Akaichukua namba ya Mama Watoto. Hata hapo hakuniamini mimi!

Kutoka, tukashuka kusukuma. Wote, isipokuwa mama mkwe, na shemeji ambaye viatu vyake vimetoka Maskati. Tope la Mida halina sakafu. Mguu unaingia, unauliza njia, unaendelea kuingia. Nilizama hadi mapajani, na simu ilikuwa mfukoni mwa suruali. Baada ya hapo mzee akaturudisha kwa upondo, polepole, tukiambaa na mikoko, na kusi nalo likaanza kupungua kana kwamba lilichotaka limeshapata.

Simu ikatoka maji ya chumvi puani. Shemeji akasema kule kwao huwa wanaiweka ndani ya mchele. Mama Watoto akaizika ndani ya mchele wetu wote wa mwezi, ule niliokopa. Siku ya pili nikaipeleka kwa fundi. Akaifungua, akapuliza, akanitazama kama daktari anayeuliza mgonjwa alipewa dawa gani kwa mganga.

"Maji ya chumvi ni mabaya," akasema, "lakini huu unga wa mchele uliojaa kwenye tundu la chaji, nani alikushauri?"

Elfu mbili, na bila ahadi.

Mchele nao hautupwi, si kwa bei ya sasa. Ukapikwa. Mtoto wa mwisho akauliza kwa nini wali unanuka bahari, Mama Watoto akasema tia tui, tui litaficha. Nikatumwa nazi. Hebu niambie, mtu unaishi Kilifi, ukifungua dirisha ni minazi, ukifunga dirisha unausikia mnazi, halafu nazi moja unaitajiwa bei unadhani muuzaji anakuuzia na shamba! Nikachagua mbili kwa makini, nikazitikisa sikioni moja moja mbele yake, nikalipa. Nyumbani nikapasua: koroma, nazi zisizokomaa. Zote mbili. Tui halitoki hata uzikamue kwa jeki. Nikarudi nazo kwa muuzaji mbiombio, mkono huu kifuu, mkono huu kifuu.

"Sasa mimi nifanyeje?" akaniambia. "Si ulitikisa mwenyewe?"