Kabla ya kumleta mnyama darasani, afundishwe mtu

Sungura alikuja kwenye boksi la sabuni lililotobolewa matundu kwa kalamu. Alikuwa mweupe, masikio mekundu kwa ndani, na watoto wa darasa letu la elimu maalumu walilizingira boksi mpaka ikabidi niwaite wawiliwawili. Wageni waliomleta walikuwa na nia njema, hilo nalisema mapema. Walikuwa wamesoma mahali kwamba mnyama humtuliza mtoto mwenye usonji, wakaona watuletee.

Binti mmoja wa miaka tisa, ambaye hapendi kuguswa na mtu, alimchukua sungura akamkumbatia kifuani. Sungura akaganda. Hakutikisa hata ndevu, na macho yalikuwa yamemtoka. Mgeni mmoja akasema kwa furaha, "Oneni alivyotulia! Ameshamzoea." Nami, mwalimu wao, nikainua simu nikapiga picha. Sekunde chache baadaye sungura alirusha miguu ya nyuma, akamchana binti mkono kuanzia karibu na kiwiko hadi kwenye kiganja, akaanguka kwenye sakafu ya saruji. Miguu ile ya nyuma haikunyanyuka tena. Binti alilia mpaka sauti ikamkauka, na wiki tatu nzima hakukubali kuingia chumba kile.

Sungura aliyeganda hajatulia. Amezaliwa kuwa kitoweo cha wengine, na akiona hana pa kukimbilia hujikausha kana kwamba hayupo. Tena mifupa yake ni myepesi mno: akirusha teke huku mgongo haujashikiliwa vizuri, anaweza kujivunja uti wa mgongo kwa nguvu zake mwenyewe. Mfugaji wa sungura mwenye uzoefu anayajua haya. Mimi sikuyajua, na cheti changu cha ualimu nilikuwa nacho.

Ndiyo maana nikisikia siku hizi watu wakizungumzia kutumia wanyama katika tiba na ufundishaji, swali langu la kwanza halihusu mnyama. Nauliza: nani atakuwa naye, na amefundishwa nini?

Kisa kinachopendwa sana katika fani hii ni cha Boris Levinson, mwanasaikolojia wa watoto wa New York. Siku moja familia ilifika ofisini kwake kabla ya saa ya miadi, na mtoto wao alikuwa amejifungia, hataki kuzungumza na mtu. Mbwa wa Levinson, Jingles, alikuwa bado chumbani. Akamwendea mtoto, na mtoto akaanza kucheza naye. Mwaka 1961 Levinson aliwasimulia wanasaikolojia wenzake jambo hili kwenye mkutano wao, na baadhi yao wakamcheka. Mwaka uliofuata alichapisha makala akimwita mbwa mganga msaidizi. Wanaokirudia kisa hiki humsifu Jingles. Mimi namtazama Levinson. Mwingine angemkemea mbwa, akamtoa nje na kuwaomba radhi wazazi. Yeye alikuwa na miaka mingi ya kazi nyuma yake, akaona kitu kidogo kilichofunguka kwa mtoto yule, akajua namna ya kukifuatilia wiki baada ya wiki. Bila utaalamu ule, siku ile ingebaki kuwa siku mtoto aliyocheza na mbwa wa watu.

Kwenye farasi jambo hili liko wazi zaidi. Wengi wanamkumbuka Lis Hartel wa Denmark, aliyeugua polio mwaka 1944, miguu yake ikabaki imepooza kuanzia magotini kwenda chini, na bado akachukua medali ya fedha ya mashindano ya farasi kwenye Olimpiki ya Helsinki mwaka 1952. Alisaidiwa kupanda na kushuka. Habari yake iliwafungua macho watu wengi Ulaya. Lakini tiba inayofanyika leo juu ya mgongo wa farasi haimfundishi mtoto kupanda farasi. Farasi akitembea, hutikisa nyonga za aliyeketi juu yake mbele na nyuma, kushoto na kulia, na kwa kuzungusha kidogo, karibu sawa na nyonga za mtu anayetembea kwa miguu yake. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo ambaye hajawahi kutembea anaupata mwendo ule mwilini. Sasa, anayeamua farasi aende haraka au polepole, anyooshe au akate kona, asimame lini, ni mtaalamu wa viungo, wa tiba ya kazi au wa usemi. Kwanza ana taaluma yake kamili, kisha ndipo amejifunza farasi. Kando yake kuna anayemwongoza farasi, na mara nyingi watu wawili wanaotembea ubavuni mwa mtoto. Huyo ni mtoto mmoja. Mtu akikuambia atafungua kituo cha tiba ya farasi kwa kuwa ana farasi, muulize hao wengine wako wapi.

Marekani kuna shirika la Pet Partners, lililoanza mwaka 1977, ambalo hupima watu na wanyama wanaotembelea hospitali na shule. Napenda jambo moja katika utaratibu wao: hawampimi mbwa peke yake. Wanampima na mwenyewe pamoja, kama jozi, na baada ya miaka miwili jozi hiyo inapimwa tena. Mbwa awe ametimiza mwaka mmoja na awe ameishi na mtu huyo angalau miezi sita. Maana yake ni kwamba huwezi kumwazima mbwa wa jirani Ijumaa ukaenda naye wodini Jumatatu. Na IAHAIO, muungano wa kimataifa wa mashirika yanayoshughulikia uhusiano wa watu na wanyama, uliandika mwaka 2014 na kuboresha mwaka 2018 mwongozo unaosema kazi hii ifanywe na wanyama wa kufugwa tu. Wa porini hapana, hata kama wamezoea watu. Hili linatuhusu sana sisi, kwa sababu kwetu tumbili na kobe hupatikana upesi kuliko mbwa aliyefunzwa, na najua mtu atashawishika.

Tukija kwa mbwa mwenyewe, kozi zinazoandikwa Ulaya na Marekani humweka yeye mbele. Kwetu huwezi kuanza naye bila kutafakari. Kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 duniani kila mwaka kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, wengi wao Afrika na Asia, na dalili zikishaanza karibu hakuna anayepona. Watoto wetu wamefundishwa tangu wadogo kumkwepa mbwa, na wamefundishwa kwa sababu. Tena kuna familia za Kiislamu, nyingi zikifuata madhehebu ya Shafi, ambazo kwao mate ya mbwa ni najisi inayooshwa mara saba, mara moja kwa udongo. Mtaalamu anayemwachia mbwa amlambe mtoto wa familia hiyo halafu anashangaa kwa nini mama hakurudi tena, amekosa somo la mwanzo kabisa, ambalo ni kuuliza. Hapa sisemi mbwa asitumike. Nasema mtaala wetu usianze na mnyama wa watu wengine.

Watu wanaojua kusoma mnyama hatuwakosi. Pale Morogoro, kwenye Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, wakufunzi wa shirika la APOPO hufunza panya buku kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu. Magawa, panya wao aliyepewa medali ya dhahabu na shirika la PDSA la Uingereza mwaka 2020 kwa kazi yake Kambodia, alizaliwa na kufunzwa Tanzania. Kumfunza panya mmoja huchukua karibu miezi tisa, na katika miezi hiyo mkufunzi hujifunza panya kiasi kilekile ambacho panya hujifunza kazi. Simwombei panya buku darasa langu. Nautaka uvumilivu ule.

Halafu kuna Tengeru. Hapo, kwenye barabara ya Arusha kwenda Moshi, kuna Chuo cha Ualimu Patandi, kinachoandaa walimu wa elimu maalumu. Hapohapo Tengeru kuna kampasi ya Wakala wa Vyuo vya Mafunzo ya Mifugo, LITA. Ukiendelea na barabara ileile unafika Moshi, kwenye hospitali ya KCMC, wanakosomea wataalamu wa tiba ya kazi, wale wanaomrudisha mtu kwenye kushika kijiko na kufunga vifungo vya shati. Anayemjua mtoto, anayemjua mnyama na anayeujua mwili, wote wako kwenye barabara moja. Wanafunzi wa Patandi na wa mifugo wananunua nyanya kwenye soko lilelile. Natamani siku moja wakae darasa moja, hata kwa muhula mmoja, na mwisho wa muhula mwalimu wa baadaye asikabidhiwe mtoto na mbuzi kabla bwana mifugo wa baadaye hajaridhika naye. Kenya nako wana KISE, taasisi ya elimu maalumu, pale Kasarani, na AHITI, chuo cha afya ya mifugo, pale Kabete; wanaweza kufanya vivyo hivyo.

Nimeshaambiwa kwamba haya ni anasa. Kuna watoto hawana hata kiti mwendo, nawe unazungumzia punda? Swali hilo lina haki, na nitakuwa wa mwisho kudai mnyama awekwe mbele ya kiti mwendo. Mnyama haponyi usonji, na usonji wenyewe si ugonjwa wa kuponywa. Tafiti nyingi za fani hii zimefanywa kwa watu wachache, na anayeahidi makubwa anadanganya wazazi ambao wameshadanganywa vya kutosha. Lakini punda tunaye tayari. Anapita mbele ya shule amebeba maji. Gharama iko kwenye kumfundisha mtu, na kumfundisha mtu ndiyo kazi ya vyuo.

Kuna mzee nyuma ya shule yetu ana punda wawili. Miaka miwili baada ya kisa cha sungura nilimwendea, nikamweleza yote, hata picha niliyopiga. Alinyamaza kitambo, kisha akasema niwalete watoto, lakini wasizidi wanne, na mwezi wa kwanza wasiguse. Wakae nje ya boma, waangalie masikio tu. Yakielekea mbele, punda anasikiliza. Yakilala nyuma, anataka aachwe. Mwezi mzima, Jumanne na Alhamisi, masikio.

Walipoanza kumpiga brashi, asubuhi moja mzee alitusimamisha mlangoni.

"Mwalimu, leo tumwache."

"Kwa nini, mzee? Mbona anakula vizuri?"

"Anakula, ndiyo. Punda hata akiumwa atakula. Angalia mguu wa nyuma. Tangu alfajiri anaupumzisha uleule mmoja, habadilishi."

Bwana mifugo alipokuja alikuta usaha ndani ya kwato. Mimi nilikuwa nimemtazama punda yule dakika kumi nisione kitu.

Kati ya wale watoto wanne alikuwepo kijana wa miaka kumi na moja asiyesema. Darasani, kelele zikimzidi, alikuwa akijigonga kichwa ukutani, na sisi tulikuwa tunachelewa kila mara. Alipenda masikio ya punda kuliko brashi, angeyaangalia saa nzima. Muhula uliopita, mvua ikipiga bati na darasa zima likipiga kelele, nilimwona amesimama katikati ya chumba, ameweka viganja viwili juu ya kichwa na kuvilaza nyuma. Nilimwangalia sekunde kadhaa kabla sijaelewa. Kisha nikamwita msaidizi wa darasa nikamwambia, leo tumwache, na tukampeleka barazani akakae peke yake mpaka mvua iishe.